Jina la Kuazima: Somo Juu ya Bidhaa za Bandia

Somo letu safari hii latupeleka sokoni. Yeyote apitaye kati ya maduka ya Mwanga, au katika mitaa ya Ujiji, au ufukweni Kibirizi mahali boti zinapopakia na kushusha mizigo, ataona bidhaa zenye majina makubwa ya ulimwengu zikiuzwa kwa bei ya kushangaza. Ni redio, betri, nyembe, mafuta ya kupaka, vitenge, viatu, simu, na vipuri vya mashine za boti. Baadhi ni bidhaa halisi. Baadhi zimevaa majina ya wenzao. Mnunuzi asimama, atazama, aona bei ni nusu, atoa fedha.

Wengi wetu twalichekea jambo hili. Twasema, "Ni feki, lakini inafanya kazi." Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingine kicheko hukatika, kwa sababu kitu kilichokuwa feki ni dawa ya mtoto, au mbegu ya shamba zima, au kipuri cha boti iliyo katikati ya ziwa usiku.

Shabaha ya somo hili si kuwatisha watu wasinunue vitu vya bei nafuu, maana wengi wetu hatuna fedha za kununulia vingine. Shabaha ni kutuwezesha kujiuliza swali moja tuwapo mbele ya meza ya muuza duka: Nikidanganywa katika kitu hiki, nani ataumia?

1. TUPAMBANUE KWANZA

Neno "feki" twalitumia ovyo. Twaliita feki kila kitu cha bei ya chini, na hasa kila kitu kilichotoka China. Hiyo si haki, tena yatupotosha. Yafaa tutenge mafungu manne.

Fungu la kwanza ni kitu rahisi chenye jina lake chenyewe. Kiwanda kimetengeneza tochi dhaifu, kikaiandika jina lake, kikaiuza kwa bei ndogo. Tochi hiyo si bandia. Hakuna aliyedanganywa. Vivyo hivyo nguo ya mtumba si bandia. Ni nguo halisi iliyochakaa kidogo, na mnunuzi alijua hivyo.

Fungu la pili ni kitu cha mfanano. Jina si lile lile, bali limekaribishwa nalo. Herufi moja imeongezwa au imegeuzwa. Rangi ya boksi ni ile ile. Umbo la chupa ni lile lile. Tuseme kwa mfano wa kubuni: mtu aandika Philips kwa "l" mbili. Akishtakiwa atasema, "Mimi sikuandika jina lao." Lakini nia yake ni kwamba mnunuzi asisome, aone rangi tu na kuchukua.

Fungu la tatu ni bandia kamili. Jina ni lile lile, alama ni ile ile, hata namba zimeigizwa. Huu ni wizi wa jina pamoja na udanganyifu kwa mnunuzi.

Fungu la nne husahauliwa, nalo liko karibu nasi zaidi. Chombo ni halisi, lakini kilichomo si chake. Chupa yenye lebo ya kweli imejazwa kitu kingine. Mfuko wa mbegu uliokwisha kutumika umetiwa nafaka ya kawaida na kushonwa upya. Kwa udanganyifu huu haihitajiki mashine ya nchi ya mbali. Wahitajika mfuko mtupu, sindano na uzi.

Twaona basi kwamba kosa haliko katika bei ndogo, wala katika nchi kitu kilikotoka. Kosa liko katika kuazima jina la mwingine bila ruhusa ili mnunuzi aamini jambo lisilo kweli.

2. JAMBO HILI SI GENI KATIKA UFUKO WETU

Wako wanaofikiri kwamba bidhaa za kuiga zimeanza na simu za mkononi. Sivyo. Ujiji ilizijua kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914.

Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilileta hapa nguo na shanga, na kurudi na pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, watumwa. Nguo iliyopendwa kuliko nyingine nyingi iliitwa merikani. Ilikuwa pamba nyeupe isiyopaushwa, nzito na ya kudumu, iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu kutoka bandari ya Salem. Marekani na Sultani wa Unguja walifanya mkataba wa biashara mwaka 1833, na tangu hapo nguo hiyo ilienea bara hata ikawa kama fedha. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, na Stanley alipofika mwaka 1871, mizigo ya misafara yao ilikuwa nguo na shanga, maana bila hizo hakuna aliyeweza kununua chakula wala kulipa hongo ya njia.

Jina likishapendwa, waigaji hawako mbali. Viwanda vya Uingereza, na baadaye vya Bombay, vilifuma nguo za kufanana na merikani ili vipate soko lile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokatiza pamba na merikebu, nafasi yao ikawa kubwa zaidi. Neno "merikani" likabaki, ingawa nguo yenyewe haikutoka tena Marekani. Hata leo twaita kitambaa cha namna hiyo merikani bila kuuliza kimefumwa wapi.

Katika miaka hiyo ya uhaba wa pamba, wafumaji wa Lancashire nchini Uingereza walizidisha desturi ya kutia wanga na udongo mweupe katika nyuzi. Kitambaa chepesi kikaonekana kizito mkononi. Mnunuzi akikifua mara ya kwanza, uzito wote huenda na maji. Mama yeyote aliyewahi kununua kitenge kigumu kama karatasi, akakifua na kukikuta kimelegea kama kitambaa cha kuchujia, ajue kwamba hila hiyo ni ya zamani.

Lakini wazee wetu hawakuwa wajinga wa soko. Wasafiri wote wa wakati ule waliandika kwa kulalamika kwamba watu wa bara walikuwa wagumu. Kila nchi ilikuwa na shanga zake, na msafiri aliyeleta zisizopendwa alikaa na njaa akiwa na mizigo tele. Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, alieleza kwamba bei za soko letu zilihesabiwa kwa shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya mtemba uliovunjika. Asubuhi wabadilishaji walitoa sofi kwa kupokea shanga nyingine, na soko lilipofungwa walizipokea tena, wakipata faida kidogo pande zote mbili. Maana yake ni kwamba soko la Ujiji lilikuwa na watu waliofanya kazi ya kuzijua shanga. Kazi ya kukagua haikuachwa kwa mnunuzi mmoja mmoja.

3. KWA NINI ZIMEENEA

Yako mambo matatu yanayozileta.

La kwanza ni kiu ya vitu. Wazee wakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, sabuni na nguo zilipoadimika, watu wakipanga foleni kwenye maduka ya ushirika, na mwaka 1983 ikafanyika kampeni kubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Kisha, tangu mwaka 1984, watu wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa kutoka nje, na maduka yakaanza kujaa. Ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mlango uliofunguliwa kwa kitu chema ulipitisha na kibaya, maana mtu aliyekosa sabuni kwa miaka haulizi sana imetoka wapi.

La pili ni njia ndefu. Kitu kinachouzwa Ujiji huenda kimepita mikono mingi: mtengenezaji, msafirishaji, tajiri wa jumla mjini Dar es Salaam, mchuuzi wa treni au lori, mwenye duka, na mwishowe mmachinga. Vingine huja kutoka Burundi kwa njia ya Manyovu, au huvuka ziwa kutoka Kongo. Hakuna ubaya katika kuvuka mpaka; ndiyo biashara ya Kigoma tangu kale. Lakini kila mkono unaongeza umbali kati ya mnunuzi na yule anayejua ukweli. Ukimwuliza mmachinga, atakujibu kwa kweli tupu kwamba na yeye alinunua hivyo hivyo.

La tatu ni sisi wenyewe. Wako wanaodanganywa, na wako wanaotaka kudanganywa. Kijana ajua kwamba viatu vile haviwezi kuwa halisi kwa bei ile, lakini ataka jina lionekane miguuni. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 20, chamchora mnunuzi anayekishusha thamani kitu mbele ya mwenye duka, kisha akaenda zake akijisifu. Soko la bandia lina pande mbili, na moja ni ya mnunuzi.

4. ASIYE NACHO HULIPA MARA MBILI

Hebu tufanye hesabu ndogo. Tuseme jozi ya betri nzuri ni shilingi 1,500, nayo yawasha tochi siku 10. Jozi ya bandia ni shilingi 700, nayo yawasha siku 3. Mwenye 700 mfukoni hana la kuchagua. Atanunua ya pili. Lakini tugawanye. Betri nzuri yamgharimu mtu shilingi 150 kwa siku. Ya bandia yamgharimu shilingi 233 na zaidi. Katika siku 30 mwenye betri nzuri ametoa 4,500. Mwenzake ametoa 7,000. Na bado hatujahesabu betri iliyovuja ikala chuma za redio.

Kwa hiyo mtu maskini, kwa kukosa shilingi 800 siku moja, analipa 2,500 zaidi kwa mwezi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kusikitisha katika bidhaa za bandia: huwatafuta wale wasioweza kungoja.

Jambo la pili ni kwamba hasara humwangukia mtu wa mwisho. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilizima simu zote za bandia katika mitandao ya Tanzania. Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwishoni mwa Septemba 2012. Yalikuwepo matangazo ya miezi mingi kabla, na watu walifundishwa kubonyeza *#06# ili waone namba ya simu zao na kuihakiki. Hata hivyo, usiku ule ulipofika, aliyetengeneza simu alikuwa amekwisha kupata faida yake, na aliyeiingiza vile vile. Simu ilizimika mikononi mwa aliyeinunua kwa akiba yake.

5. KIPIMO CHETU: NANI ATAUMIA?

Sasa turudi kwenye swali letu. Kiatu cha bandia kikiachia soli njiani, aumiaye ni mwenye kiatu, na maumivu yake ni aibu na fedha. Si jambo jema, lakini ataishi. Viko vitu vingine ambavyo udanganyifu wake huangukia mtu asiyekuwepo wakati wa kununua. Hivyo ndivyo vya kuogopa. Tutazame vitatu.

(a) Dawa. Mkoa wetu wajua malaria vizuri. Mwaka 2009 nchini Tanzania iligunduliwa dawa ya malaria ya bandia yenye jina la Metakelfin, katika maduka ya dawa 40. Ilikuwa na dawa ndani, lakini haikutosha. Mwaka 2012 bandarini Luanda, nchini Angola, maafisa wa forodha walifungua shehena ya vipaza sauti kutoka Guangzhou, China, wakakuta ndani yake pakiti milioni 1.4 za bandia za Coartem, ambayo ni dawa ya mseto tunayoijua sana. Vidonge vile havikuwa na dawa ya malaria hata chembe. Na Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, bidhaa moja kati ya kila 10 za tiba ama ni ya bandia ama haifikii kiwango.

Yafaa tuelewe tofauti ya kidonge kitupu na kidonge chenye dawa pungufu. Kitupu hakitibu; mgonjwa azidiwa, na mzazi aona mapema kwamba dawa haifanyi kazi. Kile chenye dawa pungufu hupunguza homa kwa muda, mzazi hutulia, na vijidudu vilivyobaki hujifunza kuistahimili dawa. Ni kama kumjeruhi nyoka na kumwacha aingie shimoni. Atakayeumwa kesho huenda si wewe uliyempiga.

Mtoto wa miaka miwili hakuchagua duka. Hakuona bei. Yeye amefungua kinywa tu.

(b) Mbegu. Wakulima wa Kasulu na Kibondo wanajua kwamba mahindi ya mbegu hupakwa rangi ya dawa ili yasiliwe na wadudu. Mwongo huchukua mahindi ya kula, akayatia rangi, akayafunga. Nchini Uganda wachunguzi walinunua mbegu za mahindi chotara na mbolea madukani wakazipima. Taarifa yao iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kwamba mbolea ilikosa asilimia 30 ya kirutubisho kilichoandikwa, na kwamba mbegu halisi katika mifuko ilikadiriwa kuwa chini ya nusu.

Hapa hasara haionekani siku ya kununua, wala siku ya kupanda. Yaonekana mvua zikiwa zimekwisha. Tena lina madhara ya pili. Mkulima aliyevunwa fedha zake hivyo husema, "Mbegu za dukani ni uongo mtupu," na mwaka unaofuata haongezi fedha kununua hata iliyo njema. Bandia huua heshima ya bandia na ya halisi pamoja.

(c) Vyombo vya ziwani. Plagi ya mashine ya boti ni kitu kidogo kuliko kidole, nayo kazi yake ni kutoa cheche ndani ya moto mkali, mara maelfu kwa dakika. Iliyotengenezwa vibaya hupasuka kauri yake au hushindwa kutoa cheche mashine ikipata moto. Nchi kavu, gari lililozimika lasukumwa pembeni. Ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 1,400, upepo wake huamka ghafula, na boti nyingi zina mashine moja tu. Aliyenunua plagi ni mwenye boti, ambaye huenda amelala kwake. Walio ndani ya boti ni abiria, wavuvi wa dagaa, na mama mwenye mtungi wa mawese anayekwenda soko la kijiji cha pili.

Vivyo hivyo jaketi la kuokolea maisha. Mwezi wa Januari 2016, polisi wa Izmir nchini Uturuki walikamata majaketi ya bandia zaidi ya 1,200 yaliyokuwa yakitengenezwa kwa ajili ya wakimbizi wavukao bahari. Ndani yake yalijazwa vitu vya kufungashia mizigo, vinavyonywa maji. Rangi yalikuwa nayo, mikanda yalikuwa nayo. Kuelea hayakuwa nako.

Basi kipimo ni hiki. Kama atakayeumia ni mimi peke yangu, na hasara ni fedha tu, nina uhuru wa kujaribu bahati yangu. Kama atakayeumia ni mwingine, au hasara ni uhai au mavuno ya mwaka, sina uhuru huo. Hapo bei ndogo si sababu ya kununua. Ni sababu ya kuuliza.

6. NENO KWA WAUZAJI

Kati yetu wako wenye maduka na wachuuzi. Nao hudanganywa. Lakini muuzaji anayo nafasi ambayo mnunuzi hana: ameziona boksi nyingi, amesikia malalamiko mengi, na anajua bei ya jumla. Akiletewa dawa au kipuri kwa nusu ya bei ile anayoijua, tayari ameambiwa ukweli. Nabii Amosi, katika sura yake ya 8, aliwakemea watu wa soko waliopunguza kipimo na kuuza takataka za ngano pamoja na ngano. Hakuwauliza kama kuna mkubwa zaidi yao aliyewaletea.

Waswahili husema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata mwenye jina jema aweza kulichafua mwenyewe: mwuza mawese anayechanganya mafuta mengine baada ya kupata wateja, au mwuza dagaa anayeficha waliooza chini ya fungu. Huyo ameliiga jina lake mwenyewe.

Tena kuna faida katika jina la kweli, hata likianza dogo. Zamani mafundi wa Solingen, Ujerumani, walitengeneza visu hafifu na kuvipiga chapa ya Sheffield, mji wa Uingereza uliosifika kwa visu. Waingereza wakatunga sheria mwaka 1887 ya kutaka bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, ili watu wazitambue na kuzikwepa. Wajerumani, wakiwa sasa wanauza kwa jina lao, wakatengeneza vizuri zaidi mwaka hata mwaka, na jina lililokusudiwa kuwa onyo likawa sifa.

Hata kitenge tunachokiita wax kina hadithi kama hiyo. Kiwanda cha Vlisco cha Helmond, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1846, kilianza kwa kuiga batiki za watu wa Java na kutaka kuwauzia wenyewe. Afrika Magharibi ikazipenda, kiwanda kikabuni michoro mipya, kikaandika jina lake katika pindo la kitambaa. Leo jina hilo laigwa na wengine. Kuiga ili kujifunza ndiko ufundi wote unakoanzia; fundi wa Ujiji anayetazama kitanda cha wengine na kutengeneza cha kwake hajamwibia mtu. Ila aandike jina lake.

7. MAMBO YA KUFANYA

1. Ugawe manunuzi yako mafungu mawili: yale ya kujaribu bahati, na yale ya uhai na mavuno. Fungu la pili usilinunue barabarani, hata kama bei yavutia.

2. Soma jina herufi kwa herufi, usitazame rangi tu. Tazama alama ya Shirika la Viwango (TBS), lililoanzishwa mwaka 1975, lakini kumbuka kwamba hata alama yaweza kuigizwa. Alama ni mwanzo wa kukagua, si mwisho.

3. Dawa inunuliwe kwenye duka lenye kibali au itolewe zahanati. Angalia tarehe ya mwisho na namba ya toleo, na kwamba za boksi zalingana na za ndani. Tunza pakiti mpaka mgonjwa apone. Asipopata nafuu, mrudishe zahanati pamoja na pakiti hiyo, wala usingoje. Mtoto anayetapika kila kitu, anayeshtuka degedege au asiyeweza kunyonya apelekwe saa hiyo hiyo.

4. Dai risiti. Bila risiti huna neno la kumwambia muuzaji wala serikali.

5. Haribu vyombo vitupu. Chana boksi la dawa, toboa mfuko wa mbegu, ondoa lebo ya chupa. Mwongo hawezi kujaza mfuko uliotoboka.

6. Nunueni pamoja. Wenye boti watano wakichanga wanaweza kumtuma mmoja kwa wakala wa kweli aliye mbali, na gharama ya safari ikagawanyika. Wakulima vile vile.

7. Peleka habari. Sheria ya alama za bidhaa iko tangu mwaka 1963, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani (FCC). Dawa ni kazi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mbegu ni ya taasisi ya TOSCI. Ukiona shida, anza na ofisi ya kata au afisa biashara wa halmashauri, naye ataelekeza. Kumpelekea habari si uchongezi, hasa kama kitu chenyewe ni dawa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tajeni vitu vitano mlivyonunua mwezi huu. Kila kimoja ni cha fungu lipi kati ya yale manne?

2. Kati ya vitu hivyo, kiko ambacho kikiwa bandia ataumia mtu asiyekuwepo wakati wa kununua? Ni nani?

3. Wabadilishaji wa sofi wa Ujiji ya kale walizijua shanga kwa niaba ya soko zima. Leo katika mtaa wetu ni nani anayeweza kutusaidia kukagua dawa, mbegu na vipuri kabla hatujanunua?

4. Mwenye duka amegundua kwamba boksi la plagi alilolinunua kwa fedha za mkopo ni la bandia. Akilitupa atashindwa kulipa. Afanye nini, na sisi wateja wake tumsaidieje?

5. Mtu anayevaa jina la bandia kwa kujua, ili aonekane, anamdhuru nani?